Mapatano Yaliyovunjikia Redioni

Habari za Rehoboamu tunazijua (1 Wafalme 12): alipewa siku tatu za kufikiri, akaacha shauri la wazee, na makabila kumi yakajitenga. Nchi yetu nayo ilikuwa na siku zake, mwaka 1960.

Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walitoka vyama vinavyoshindana. Hata hivyo, askari walipoasi mwezi wa Julai, walipanda ndege moja wakazunguka majimbo kuwatuliza. Katanga ilipojitenga, waliomba pamoja msaada wa Umoja wa Mataifa. Ndege yao ilikatazwa kutua Élisabethville, wakarudi wote wawili. Ninaiwaza sana ile ndege. Ndani yake ilibidi wasemezane.

Agosti jeshi lilipelekwa Kasai, na raia wengi wakauawa Bakwanga. Hilo lilikuwa neno zito, la kuongelewa ana kwa ana. Lakini tarehe 5 Septemba, jioni, Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Usiku uleule Lumumba akafika redioni na kusema Kasavubu si rais tena. Sisi wa redio tunajua: chombo hiki kinasema, hakisikilizi.

Wanasheria wanabishana hata leo juu ya Sheria ya Msingi. Ni kweli ilimpa rais uwezo wa kumwondoa waziri, na mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, walitia sahihi. Kwangu jambo kubwa ni lingine: kila mmoja aliweza kumfukuza mwenzake kwa maneno, hakuna aliyeweza kumfanya atii.

Tarehe 7 wabunge walifuta maamuzi yote mawili, wakaunda tume ya upatanisho. Kazi njema, ila ilichelewa. Wawili hao walikuwa wamekwisha kusema mbele ya taifa zima, na kurudi nyuma kukawa aibu. Rehoboamu naye alijibu hadharani.

Tarehe 14 Kanali Mobutu aliingia redioni, akatangaza kwamba anawaweka kando wote wawili hadi mwisho wa mwaka. Januari 1961 Lumumba alipelekwa mfungwa Élisabethville, na safari hii ndege iliruhusiwa kutua. Aliuawa siku ileile, tarehe 17. Kasavubu alibaki katika kiti chake mpaka Novemba 1965, Mobutu alipomwondoa yeye pia.