Dozi ya Pili

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi wilayani Kibondo, upande wa chini, huko ambako milima inashuka kuelekea bonde la Malagarasi na joto na mbu vinaongezeka. Umri wangu ulikuwa haujafika miaka thelathini. Mwezi wa Septemba mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuja shuleni shavu limevimba. Nikadhani ni jino. Nani asingedhani hivyo? Nikampa ruhusa aende zahanati, jino likang'olewa, na juma lililofuata meno mengine mawili yakawa yanacheza kwenye ufizi kama vigingi katika mchanga. Likang'olewa la pili. Nilipokwenda hatimaye kuzungumza na baba yake, jicho la mtoto lilikwisha kuanza kusukumwa nje, na majuma matatu yalikuwa yamepotea.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba uvimbe wa namna ile huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Majuma matatu ni mengi mno. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ugonjwa wenyewe una historia iliyoanzia kwa majirani zetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja mwenye hali ile ile. Akaanza kuuliza. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, kisha akatuma barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wameuona uvimbe huo. Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu, na pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, akasafiri maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini mwa bara, akisimama hospitali baada ya hospitali. Alichokuta ni kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua, na karibu na ikweta ulikuwa haba sana juu ya futi 5,000 hivi. Leo tunajua sababu: malaria ya mara kwa mara, ikishirikiana na kirusi ambacho Epstein na wenzake walikitambua London mwaka 1964. Mtu wa Kasulu anaweza kuielewa ramani ile bila kuiona. Kule Heru Juu watu huota moto jioni, na mwendo wa siku moja kutoka hapo unalala ndani ya chandarua.

Burkitt alifanya na jambo jingine ambalo watu hulisahau. Katika miaka ya 1960 aliwatibu watoto hao kwa dawa kama siklofosfamidi, na baadhi yao, kwa dozi chache tu, hata moja, uvimbe uliyeyuka. Saratani zinazotii dawa upesi namna hiyo ni chache. Kwa hiyo mwaka 1979 dawa ilikuwapo duniani. Haikuwapo Kibondo.

Tulisafiri na baba yake mtoto juu ya lori la maharage hadi Kasulu, kisha Kigoma, na kutoka Kigoma tukapanda treni. Hospitali tuliyofika siitaji, kwa maana sina la kuilaumu wala sitaki msomaji alitafute. Daktari alimtazama mtoto dakika moja tu, akasema jina la ugonjwa. Sindano ilichomwa kwenye mshipa siku iliyofuata. Siku ya nne shavu lilikuwa limenywea, jicho limerudi mahali pake, na mtoto akaomba ugali na mgebuka.

Daktari alitaka abaki. Baba alisema mvua zinakaribia na shamba halijalimwa. Nami, niliyekuwa msomi wa safari ile, nikamwunga mkono baba, kwa sababu nilimwona mtoto amepona kwa macho yangu. Daktari hakubishana sana. Alitupa kadi yenye tarehe ya kurudi kwa dozi ya pili: 26 Novemba.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule wanakumbuka hali ya mafuta. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na nchi haikuwa na dizeli. Juma zima la mwisho la Novemba tulikaa kando ya barabara, mvua ikinyesha, lori lisije. Uvimbe ulirudi, safari hii si kwenye taya pekee bali na kwenye uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi. Alizikwa kabla ya Krismasi.

Nilipohamia Kasulu kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilifundisha baiolojia kidogo, na kwa hiyo nikaendelea kuufuatilia ugonjwa ule kwa miaka, mahali popote nilipopata cha kusoma. Mwaka 1982 watafiti nchini Marekani walionyesha kosa liko wapi. Ndani ya seli, kipande cha kromosomu ya 8 huvunjika na kuunganika mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru seli igawanyike, hujikuta imewekwa mahali isipoweza kunyamaza. Ni jeni moja inayopiga kelele mchana na usiku.

Je, haiwezi kunyamazishwa? Niwaeleze kama nilivyowaeleza wanachuo. Mtihani wenyewe hukaa kabatini kwa mkuu wa chuo na hautoki. Kinachokwenda darasani ni nakala iliyotoka kwenye mashine ya kudurufu. Katika seli nakala hiyo huitwa RNA. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, wakichunguza mnyoo mdogo sana, walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili inayolingana na nakala hiyo ikiingizwa mwilini, mnyoo wenyewe huziharibu nakala zake. Mtihani unabaki kabatini, lakini darasani haufiki kitu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 Thomas Tuschl na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba vipande vifupi vya RNA hufanya kazi hiyo hiyo katika seli za binadamu.

Niliposoma habari hizo nilifurahi kama kijana. Kisha nikasoma sehemu ya pili, nayo ni ya usafiri. Kipande cha RNA kikitiwa uchi katika damu, vimeng'enya hukikatakata na figo hukichuja kikatoka na mkojo baada ya muda mfupi. Kikifika kwenye seli, utando wake hukikataa. Kikifungwa ndani ya tone la mafuta dogo mno, la nanomita 100 hivi, seli hulimeza tone hilo, lakini hulifungia ndani ya kifuko na kulipeleka kusagwa. Ni sehemu ndogo sana inayoponyoka na kufika penye nakala. Matone yenyewe, yakisafiri katika damu, mengi huishia kwenye ini. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya namna hii, patisiran, iliyoidhinishwa mwaka 2018, ni ya ugonjwa wa kurithi ambao chanzo chake ni protini inayotengenezwa na ini. Matone ya jamii hiyo ndiyo yaliyobeba baadhi ya chanjo za korona.

Kwa saratani kazi imekuwa ngumu. Mwaka 2010 Mark Davis na wenzake wa California walitoa ushahidi kwamba vipande hivyo, vikipitia damu, viliweza kufika ndani ya uvimbe wa wagonjwa na kukata nakala iliyokusudiwa. Kampuni ya Dicerna ikailenga MYC yenyewe, mwaka 2014 ikaanza kuwajaribia wagonjwa, na mwaka 2016 ikaacha, kwa kuwa matokeo hayakufikia matarajio yake. Seli za damu, ambazo ndizo huzaa ugonjwa wa mtoto wangu wa darasa la tatu, ni miongoni mwa zile ngumu kuingilika. Wapo wanaofunga juu ya tone alama inayotambuliwa na seli za aina moja tu, kama anwani juu ya bahasha. Nawasoma kwa subira, ila sasa kila ninaposoma kwamba dawa imefaulu katika chupa ya maabara, swali langu la kwanza ni njia.

Tangu hapo lami imejengwa kutoka Kidahwe kupita Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi. Mwaka juzi nilipita pale tulipolisubiri lori, nikiwa ndani ya basi, na kabla sijapatambua vizuri tulikuwa tumekwisha kupapita. Kadi ninayo bado. Baba yake alinipa baada ya matanga, akisema yeye hajui kusoma, mwalimu ndiye aitunze. Tarehe imeandikwa kwa wino wa bluu, na chini yake kuna mstari mtupu wa kuandikia tarehe itakayofuata.