Nzi wa Juu, Nzi wa Chini

Katika mito ya chaki ya Hampshire, Uingereza, hasa Test na Itchen, trauti huvuliwa kwa nzi bandia: ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Mwaka 1886 Frederic Halford alitoa kitabu kuhusu nzi wanaoelea, na wafuasi wake wakageuza upendeleo huo kuwa sheria: nzi akae juu ya maji, tena arushiwe samaki aliyekwisha kuonekana. Wakili G. E. M. Skues alipinga. Trauti hula sana chini ya maji, alieleza mwaka 1910, basi kwa nini tunutu bandia, yaani mfano wa mdudu mchanga aishiye majini, akatazwe? Hoja ilikuwa nzito, lakini wakaidi hawakulegea. Mwaka 1938, baada ya mjadala mkali jijini London, Skues aliacha sehemu yake ya Itchen. Hadi leo baadhi ya sehemu za mito hiyo huruhusu tunutu kuanzia Julai tu.