Wembe wa Usalama: Kunyoa Kulivyotoka kwa Kinyozi na Kuingia Nyumbani

Wembe wa usalama, ambao wengi katika Afrika Mashariki huuita tu mashine ya kunyolea ndevu, ni chombo chenye mpini mfupi na kichwa cha metali kinachobana wembe mwembamba wenye makali pande mbili, kiasi kwamba ni ukingo mdogo tu wa makali unaochomoza na kugusa ngozi. Kunyoa kwa chombo hiki, kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kumeanza kuwavutia tena wanaume waliozoea nyembe za plastiki za kutupa, na anayeanza mara nyingi hujikata, huyalaumu makali, kisha huacha. Lawama hiyo haistahili. Chombo hiki kilibuniwa na watu waliohangaika, mmoja baada ya mwingine kwa zaidi ya miaka 130, na matatizo yale yale yanayomsumbua anayeanza leo, na kila kipande chake ni jibu la tatizo mojawapo, hivyo anayeijua historia yake huwa amekwisha kujifunza nusu ya matumizi yake.

Kabla yake kulikuwa na wembe wa kukunja, yaani bamba refu la feleji, chuma kigumu kinachoshika makali, lililofungwa kwenye mpini kwa msumari mmoja, na ambalo lilihitaji kunolewa kwenye kinoo mara kwa mara na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kila lilipotumika. Mkono ulioushika wembe huo ndio ulioamua pembe ya makali, kina chake na uzito wa msukumo, na kwa kuwa ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa siku chache, wanaume wengi wa miji ya Ulaya na Marekani waliwaachia vinyozi nyuso zao. Jean-Jacques Perret, fundi wa visu wa Paris, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuitafutia kazi hiyo njia nyingine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1769 kuhusu namna ya mtu kujinyoa mwenyewe, alieleza habari za wembe aliouvika ala ya mti iliyoacha wazi sehemu ndogo tu ya makali, kwa kufuata kanuni ya randa ya seremala, ambayo mwili wake huzuia chuma chake kisizame katika ubao. Ala hiyo haikupunguza kazi ya kunoa hata kidogo, lakini iliweka msingi ambao haujabadilika hadi leo, kwamba kina cha mkato kiamuliwe na chombo badala ya mkono.

Mwaka 1847 Mwingereza William Henson, ambaye miaka michache kabla alikuwa amepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa ajili ya mashine ya kuruka iliyokusudiwa kuendeshwa kwa mvuke, alipata hataza ya wembe uliokaa mkingamo wa mpini wake mithili ya jembe. Umbo hilo ndilo lililobaki. Ndugu wa ukoo wa Kampfe, wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa New York, waliliendeleza katika hataza yao ya mwaka 1880, ambamo jina la wembe wa usalama lilianza kutumika, wakaongeza kinga mbele ya makali na kikombe kidogo cha kupokea povu. Hata hivyo wembe uliokaa ndani ya mashine yao ulikuwa bado kipande kinene cha feleji, ambacho mwenye nacho alipaswa kukitoa, kukinoa na kukirudisha, kwa hiyo sehemu ngumu zaidi ya kazi ya kinyozi ilibaki mikononi mwa mnunuzi.

Aliyeiondoa sehemu hiyo ni King Camp Gillette, aliyezaliwa Fond du Lac, Wisconsin, mwaka 1855, mtu aliyekuwa na mawazo makubwa kuliko mfuko wake. Mwaka 1894 alitoa kitabu alichokiita The Human Drift, akipendekeza ushindani wa kibiashara ukomeshwe kabisa na uzalishaji wote uwekwe chini ya kampuni moja ya umma, na watu waishi katika jiji kubwa karibu na maporomoko ya Niagara ambayo yangelipatia umeme. Hata hivyo, maisha yake ya kila siku yalikuwa ya mchuuzi wa kusafiri, akiuza vizibo vya chupa vya kampuni ya William Painter wa Baltimore, ambaye alimshauri atafute kitu ambacho mtu hukitumia mara moja, akakitupa, kisha akarudi dukani. Mwaka 1895, akiwa anaishi Brookline, Massachusetts, Gillette alikuwa akijinyoa kwa wembe uliokuwa butu kupita kiasi cha kunoleka nyumbani, ndipo akawaza kwamba kinachonyoa ni makali peke yake, na kwamba feleji nene iliyo nyuma yake ipo tu kwa ajili ya kuyashikilia. Ikiwa makali yangeweza kutengenezwa katika utepe mwembamba na wa bei ndogo, kunoa kungekoma.

Wazo lilikuwa jepesi, utekelezaji wake ukachukua miaka. Feleji hupata ugumu wake kwa kupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, na utepe mwembamba unaofanyiwa hivyo hupinda na kukunjamana, jambo lililowafanya wataalamu wa vyuma aliowaendea kumwambia kwamba haiwezekani. Jawabu lilitoka kwa William Nickerson, mhandisi aliyesoma katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, aliyebuni njia ya kuzigumisha nyembe hizo bila kupinda na mashine za kuzitia makali, na hata akasisitiza kwamba mpini na kichwa vitengenezwe kwa usahihi utakaoushika wembe bila kutikisika. Ni haki jina lake litajwe pamoja na la Gillette, ingawa ni sura ya Gillette iliyochapwa kwenye karatasi za nyembe na kusambaa duniani. Wembe wa kwanza ulikuwa na unene wa takriban milimita 0.15, mwembamba mno kusimama imara wenyewe, na hapa ndipo ulipo werevu wa chombo chote: kifuniko cha juu kina mgongo wa mviringo, na skrubu ya mpini inapokazwa, wembe hulazimishwa kupinda kati ya kifuniko na bamba la chini, na utepe uliopindwa hukakamaa ambapo ulionyooka ungetetemeka. Ndiyo sababu mashine isiyokazwa sawasawa hukwaruza uso hata kama wembe ni mpya.

Kampuni iliundwa mwaka 1901, na mauzo ya mwaka 1903 yalikuwa mashine 51 tu, ilhali mwaka uliofuata, ambao ndio hataza yake ilitolewa, zilipita 90,000. Husemwa mara kwa mara kwamba Gillette alitoa mashine karibu bure ili apate faida kwenye nyembe, na habari hiyo hufundishwa hata katika masomo ya biashara, lakini bei yenyewe inaikanusha: kwa muda wote wa hataza mashine iliuzwa dola 5, karibu theluthi moja ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kawaida wa Marekani, na bei ilishuka hadi dola 1 pale tu hataza ilipoisha mwaka 1921 na washindani kuruhusiwa kuingia sokoni.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyogeuza kitu cha wenye uwezo kuwa cha kila mtu. Kanuni za jeshi la Uingereza zilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu hadi Oktoba 1916, zilipobadilishwa, na gesi ya sumu ilizidi kuupa uso ulionyolewa thamani, kwa sababu barakoa haishikani vizuri na ngozi yenye ndevu. Marekani ilipoingia vitani, serikali yake iliagiza kwa Gillette mashine milioni 3.5 na nyembe milioni 36, na kwa agizo hilo kizazi kizima cha vijana kikazoea kujinyoa chenyewe kila asubuhi, kikarudi nyumbani na tabia hiyo, na vinyozi wakaachiwa nywele za kichwani.

Mwaka 1930 ulileta mgogoro wa hataza kati ya Gillette na Henry Gaisman, mwenye kampuni ya AutoStrop, uliomalizika kwa kampuni hizo mbili kuungana, na wembe uliotoka humo, wenye mwanya mrefu katikati na pembe zilizokatwa, ukawa kipimo ambacho viwanda vyote vilikifuata. Tukio hilo halitajwi sana, nalo ndilo linalomhusu moja kwa moja msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, kwa maana wembe unaouzwa leo katika duka lolote la mtaani, uliofungwa karatasi na kuuzwa hata mmoja mmoja, huingia bila shida katika mashine iliyotengenezwa Solingen, Boston au Alexandria wakati wowote tangu hapo. Afrika Mashariki imeujua wembe huo kwa kazi nyingi: mafundi cherehani hufumulia mishono, wanafunzi huchongea penseli, wakunga wameutumia kukatia kitovu, na wazazi wa pwani humnyolea mtoto mchanga nywele siku ya saba. Kwa hiyo anayetaka kuanza hahitaji kuagiza nyembe kutoka mbali, na kinachokosekana ni mashine tu, ambayo ikinunuliwa nzuri hudumu umri wa mtu.

Nyembe za awali zilishika kutu baada ya kutumika mara chache, hadi kampuni ya Kiingereza ya Wilkinson Sword ilipoingiza sokoni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wembe wa feleji isiyoshika kutu uliopakwa utando wa kuteleza. Mwaka 1971 Gillette ilileta kichwa chenye nyembe mbili sambamba ambacho huingia katika mpini wa kampuni hiyo pekee, na mnunuzi akafungwa. Ubora uliotangazwa ulikuwa kwamba wembe wa kwanza huuvuta unywele kidogo kabla ya kuukata na wa pili huukata tena kabla haujarudi chini, hivyo uso huwa laini zaidi. Kwa mwenye ndevu za kipilipili, faida hiyo ni hasara, kwani unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujikunja, hutoboa ngozi kutoka ndani na kuzaa vipele vya ndevu, maradhi yanayowatesa wanaume wengi Weusi popote walipo. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo, na sababu hiyo peke yake inatosha kuirudisha mashine ya zamani kwenye meza za nyumba za Afrika Mashariki.

Matumizi yake yanafuata umbo lake. Ndevu hulowekwa kwanza kwa maji ya moto kwa dakika mbili au tatu, kwa kuwa unywele uliokunywa maji hulainika na hukatika kwa nguvu ndogo, kisha brashi iliyokamuliwa huzungushwa juu ya sabuni ya kunyolea hadi povu liwe zito na lenye kung'aa, maana povu lenye mapovu makubwa hukauka kabla ya kazi kuisha. Kichwa cha mashine huwekwa shavuni na mpini ukiwa mkingamo wa uso, halafu mpini hushushwa taratibu mpaka makali yaguse, ambapo wembe hufanya pembe ya takriban nyuzi 30 na ngozi. Mkono hausukumi, kwa sababu uzito wa metali unatosha, na mazoea ya kukandamiza yaliyotokana na nyembe za plastiki ndiyo yanayowakata wengi katika wiki za mwanzo. Mapigo huwa mafupi na hufuata uelekeo wa ndevu zinavyoota, ambao shingoni mara nyingi hugeuka, hivyo ni vyema kuupapasa kwa vidole siku moja kabla. Mwenye kusumbuliwa na vipele aishie hapo, asivute ngozi wala asirudie kinyume cha uelekeo.

Uso huoshwa kwa maji baridi, na kipande cha shabu kilicholowanishwa hupitishwa juu yake ili kufunga mikato midogo. Wembe mmoja hutosha kwa kunyoa mara nne hadi saba, hautumiwi na mtu wa pili kwa sababu ya hatari ya virusi vya ukimwi na homa ya ini, na ukichoka hutumbukizwa katika mkebe wa bati uliotobolewa mwanya kwenye kifuniko, ambao ukijaa hufungwa kwa utepe na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.