Kondo la Nyuma na Kifafa cha Mimba: Historia ya Kipimo Kimoja na Maana Yake kwa Gitega na Muyinga

Jina kifafa cha mimba limeuweka ugonjwa huu kichwani, jirani na kifafa cha kawaida, ilhali chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Jambo hilo lilidhihirika kupitia mimba zabibu. Mwanamke mwenye mimba hiyo mara nyingi hana kijusi. Alichobeba ni tishu ya kondo iliyovimba. Hata hivyo shinikizo lake la damu huweza kupanda, tena kabla ya wiki ya 20. Mwaka 1939 Mmarekani Ernest Page alitumia ushahidi huo kudai kwamba ugonjwa hutokana na kondo lisilopata damu inayolingana na mahitaji yake. Mwaka 1967 Robertson, Brosens na Dixon walionyesha kwamba ateri za mji wa mimba, ambazo kwa kawaida hupanuka ili kulilisha kondo, hubaki nyembamba.

Neno zito katika hoja ya Page ni “mahitaji”. Kondo dogo lililonyimwa damu na kondo kubwa linalodai kupita uwezo wa mji wa mimba huweza kufikia hatima moja. Ndiyo maana mimba ya mapacha ina hatari zaidi. Tafiti za Anne Eskild, Lars Vatten na wenzao, zilizotumia sajili ya vizazi ya Norway na kuchapishwa kuanzia 2008, ziliipa hoja hiyo mizani. Ugonjwa uliolazimisha uzazi kabla ya wakati uliandamana na makondo madogo mno. Uliojitokeza mimba ikiwa imekomaa ulikuwa na madogo na makubwa pia. Inaelekea basi kwamba jina moja linafunika magonjwa mawili.

Nchini Burundi, historia inayohusika ni ya mlango wa hospitali. Tarehe 1 Mei 2006 serikali ilitangaza huduma ya bure kwa wajawazito wanaojifungua na watoto walio chini ya miaka 5. Uzazi katika vituo vya afya ulifikia asilimia 60 katika uchunguzi wa kitaifa wa 2010, na asilimia 84 katika ule wa 2016–2017. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwaka huohuo wa 2010 Médecins Sans Frontières ilifungua Gitega kituo cha Urumuri kwa wanawake wenye fistula. Kilistahili kujengwa. Lakini fistula humwacha mwanamke hai, na dalili yake haifichiki. Kifafa cha mimba huacha kaburi, au mama aliyepona asiye na alama yoyote ya kumtambulisha mimba ijayo.

Muyinga, inayopakana na Tanzania, tatizo hilo la kumbukumbu ni zito zaidi. Tangu vita vya 1993 familia zimevuka mpaka kwenda na kurudi, na kadi ya kliniki si kitu cha kwanza kuokolewa wakati wa kukimbia. Ilhali historia ya ugonjwa huu katika mimba iliyopita ni miongoni mwa ishara za hatari zenye nguvu kuliko zote.

Kondo hupimwa baada ya uzazi, kwa hiyo uzito wake haumwokoi mama aliye kitandani. Huyo anahitaji salfeti ya magnesiamu, ambayo jaribio la Magpie la 2002 lilionyesha kuwa hupunguza hatari ya degedege kwa takriban nusu. Faida ya uzito ni kwa mpangaji wa sera. Jaribio la ASPRE la 2017 lilionyesha kuwa aspirini ya dozi ndogo, ikianzwa mapema, hupunguza sana ugonjwa unaoleta uzazi kabla ya wakati, bali si ule wa mimba iliyokomaa. Wilaya yenye makondo madogo mengi ina sababu ya kutanguliza aspirini kliniki. Ile ambayo wagonjwa wake wengi hufikisha miezi 9 itanufaika zaidi na kupima shinikizo la damu na mkojo katika wiki za mwisho. Mizani ya mtoto mchanga yatosha kwa kazi hiyo, mradi Gitega na Muyinga zikubaliane kwanza iwapo kondo litapimwa pamoja na kitovu na utando wake au bila hivyo.