Mrija-wimbi wa metamateria
Mrija-wimbi wa metamateria ni mrija wa metali unaoongoza mawimbi ya sumakuumeme, ambao ndani yake hupangwa vipande vidogo kuliko urefu wa wimbi ili nishati isonge mbele huku vilele vya wimbi vikirudi nyuma. Mwaka 1967 Victor Veselago alichambua kinadharia mata ambayo pemitiviti yake, yaani mwitikio kwa uga wa umeme, na pemeabiliti yake, yaani mwitikio kwa uga wa sumaku, zote ni hasi, hali inayofanya vilele vya wimbi virudi nyuma hivyo. Mwaka 2002 Ricardo Marqués na wenzake walitumia mrija mwembamba ambao, chini ya masafa yake ya ukomo, yaani yale ambayo chini yake wimbi hufifia badala ya kupita, huiga pemitiviti hasi, wakapachika ndani yake pete za metali zenye mwanya zinazoleta pemeabiliti hasi juu kidogo ya masafa ya resonansi ya pete hizo, na mawimbi ambayo yangefifia yakapita.