Ngumi ya Motobu, sura ya Funakoshi

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nauguza mbavu. Kucheka taabu, kupiga chafya ndiyo balaa kabisa.

Aliyeniumiza ni dada mmoja muuguzi ambaye tunafanya naye mazoezi ya karate jioni, kwenye ukumbi wa shule hapa Dar es Salaam. Yeye ana mkanda wa kahawia, mimi wa kijani. Tulipoambiwa tukabiliane niliinua mikono, nikafunga uso vizuri kama nilivyozoea kuona kwenye sinema za ngumi tangu utotoni. Akanirushia ngumi moja nyepesi ya usoni, ya uongo. Mikono yangu ikapanda kuifuata. Ya pili ikatua mbavuni. Hiyo haikuwa ya uongo.

Mwalimu wetu hakunipa hata pole. Alisema tu: "Hajaivunja kinga yako. Umemfungulia mlango mwenyewe, tena ukamkaribisha."

Tangu siku hiyo tumeingia kwenye somo ambalo, kwa miaka miwili niliyokuwa pale, tulikuwa tunaligusa juu juu tu: jinsi ya kufungua kinga ya mtu ili pigo lipite. Wengi wetu tunadhani kupigana ni nguvu na kasi. Jaribu uone. Mtu aliyeinua mikono yake miwili na kubana viwiko, hata awe mwembamba kama fito, hapigiki kirahisi. Lazima kwanza mikono ile iondoke. Njia zipo kama nne. Unaweza kumtisha juu ukampiga chini, kama nilivyofanyiwa mimi. Unaweza kuukandamiza mkono wake wa mbele kwa mkono wako, halafu ukapita juu yake. Unaweza kutoka kwenye mstari wake kwa hatua moja ya pembeni, ukamkuta ubavuni ambako kinga yake haitazami. Au unaweza kumsubiri apige yeye, kwa sababu mkono uliokwenda kupiga umeacha nyumba bila mlinzi.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, ugonjwa wangu mnaujua. Kitu kikiniuma nataka kujua kimetoka wapi. Nikaanza kusoma nani hasa alilifundisha somo hili kwenye karate, na kwa nini sisi tulicheleweshwa kulipata. Nikakutana na mzee mmoja aitwaye Motobu Choki. Na nilipofika katikati ya habari zake nikajikuta nasoma kosa langu mwenyewe. Nitafika huko, vumilieni.

Motobu (Wajapani hutanguliza jina la ukoo) alizaliwa mwaka 1870 kisiwani Okinawa, katika familia ya kikabaila. Huko ndiko karate ilikokulia kabla ya kuvuka bahari kwenda Japani bara. Elimu ya mapigano ya ukoo wao ilikuwa ya kaka mkubwa, Choyu. Choki alikuwa mtoto wa tatu wa kiume, kwa hiyo alilazimika kujitafutia. Akajitafutia kwa walimu mbalimbali, akajitafutia na mitaani. Inasimuliwa sana kwamba alikuwa akienda Tsuji, mtaa wa starehe wa mji wa Naha, kutafuta watu wa kupigana nao ili ajue lipi linafanya kazi na lipi ni mapambo. Kwa wepesi wake wakampa jina la utani: Nyani.

Sikilizeni alichokuwa anafundisha. Kwenye karate ambayo wengi wetu tunaijua, mkono mmoja unapiga, mwingine unarudishwa kiunoni. Motobu alikataa mkono wa kiunoni usitumike hivyo kwenye mapigano. Alitaka mikono yote miwili ikae mbele, karibu karibu, na akaliita jambo hilo meotode, yaani mikono ya mume na mke. Mkono wa mbele unakinga na huohuo unapiga. Wa nyuma upo jirani, tayari kusaidia. Hakuna kukinga kwanza halafu ndiyo upige. Ukigusa mkono wa mwenzako tayari unamfungua, na ukimfungua tayari unampiga. Niliposoma hapo nikamkumbuka yule dada muuguzi. Mikono yake haiachani hata siku moja. Yangu ilishatalikiana zamani.

Mwaka 1921 Motobu alihamia Osaka. Mwaka uliofuata, akiwa ameshapita miaka 50, alikuwa Kyoto ambako bondia mmoja wa kigeni alikuwa akipambana jukwaani na yeyote anayejitokeza. Mzee akapanda. Alikuwa mfupi kuliko yule bondia, mnene, na alivaa tu kama mzee yeyote. Masimulizi yanatofautiana kuhusu pigo lenyewe, wengine wanasema ngumi, wengine kiganja, lakini yote yanakubaliana kwamba bondia alianguka na hakuendelea.

Habari hii ilikaa miaka mitatu kabla ya kufika kwa wananchi wengi. Mwaka 1925 ilichapishwa na jarida la King, la kampuni ya Kodansha ya Tokyo. Hilo halikuwa kijijarida. Ndiyo kwanza lilikuwa limeanzishwa Januari mwaka huo, na tangu toleo la kwanza lilinunuliwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Nchi nzima ikasoma jinsi mzee wa Okinawa alivyomwangusha mzungu. Jina lililoandikwa lilikuwa la Motobu.

Michoro iliyowekwa pembeni ya habari ilikuwa na sura ya mtu mwingine. Ilikuwa ya Funakoshi Gichin.

Funakoshi naye alikuwa mwana wa Okinawa, aliyezaliwa mwaka 1868, mwalimu wa shule kwa kazi yake. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya michezo yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, akamwalika aonyeshe na kwake pia. Funakoshi akabaki Tokyo. Mwaka huohuo alitoa kitabu, na mwaka 1924 klabu ya karate ikaanzishwa Chuo Kikuu cha Keio, baadaye na vyuo vingine. Kwa hiyo pale Tokyo ukisema karate, sura iliyokuwepo kichwani mwa watu ni yake.

Wala hakuwa mtu wa majivuno, tusimwonee. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba siku za mwanzo alikuwa fukara, akiishi kwenye hosteli ya wanafunzi wa Okinawa, akifagia na kulinda ili apate pa kulala. Siku moja mwandishi wa gazeti alimkuta anafagia, akamuuliza mwalimu Funakoshi anapatikana wapi. Mzee akamwambia subiri kidogo. Akaingia ndani, akabadili nguo, akatoka na kimono cha heshima, akajitambulisha: mimi ndiye Funakoshi. Mwandishi akabaki mdomo wazi.

Mnaona mambo hayo? Mwandishi mmoja anamtazama Funakoshi haoni Funakoshi. Mwingine anataka Motobu, anaweka Funakoshi. Wote wa fani yangu.

Inajulikana kwamba Motobu alikasirika, na uhusiano wao haukuwahi kuwa mzuri. Mwaka 1926 alitoa kitabu chake mwenyewe, kinachohusu mapambano ya watu wawili, na safari hii picha zilikuwa za kamera na sura ilikuwa yake. Zipo mpaka leo, unaweza kuzitafuta. Utamwona mzee mnene, amesimama karibu kabisa na mwenzake, mkono wa mbele umekamata au umekandamiza, na pigo limeshafika. Mlango na kuingia, kwa pamoja.

Lakini karate iliyoenea duniani ilipitia kwa Funakoshi na wenzake wa vyuo vikuu. Hiyo nayo ina sababu zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mkubwa wa Okinawa, Itosu Anko, aliingiza karate mashuleni. Ukiwa na watoto wengi kwenye safu huwezi kuwafundisha kufunguana kinga, watatoana meno. Unawafundisha kata, mapigo ya hewani yenye mpangilio, wajenge mwili na nidhamu. Funakoshi alikuwa mwanafunzi wa Itosu, naye aliona karate ni malezi, hakupenda mapambano huru wala mashindano. Mashindano makubwa ya kwanza ya chama cha wanafunzi wake yalifanyika mwaka 1957, miezi michache baada ya yeye kufariki.

Kilichobaki kati ya kata na mapambano ni yale mazoezi ya hatua tano na hatua moja tunayofanya mpaka leo. Mmoja anakuja na ngumi, anaiacha imenyooka, mwingine anakinga kisha anajibu. Ni mazoezi mazuri ya miguu na umbali. Ila tazameni vizuri: yule anayekuja na ngumi hana kinga yoyote ya kufunguliwa. Mlango uko wazi tangu mwanzo. Unaweza kuyafanya miaka miwili, kama mimi, ukafikiri unajua kupiga, kumbe hujawahi kukutana na mtu aliyefunga mlango. Motobu alikuwa ameshalijibu swali hilo kwa picha mwaka 1926. Alifariki kwao Okinawa mwaka 1944, na wanafunzi waliobeba alichofundisha walikuwa wachache kuliko wa Funakoshi.

Sisemi michoro ya King peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Itakuwa ni uongo. Funakoshi alistahili heshima yake, na bila kazi yake sidhani kama karate ingefika mpaka kwenye ukumbi wetu. Wala hakuchora yeye ile michoro. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja alipigana na mwingine akapata sura, na waliofanya kosa walikuwa watu wenye haraka ya kufunga kurasa.

Haraka hiyo naijua. Sasa nifike pale nilipoahidi.

Mwaka jana niliandika habari ya mahakamani, kesi ya wizi. Nilipiga picha kama ishirini koridoni. Usiku, kurasa zinafungwa, nikaulizwa kwa simu: mshitakiwa ni yupi, wa shati jeupe au la bluu? Nikajibu la bluu. Wa bluu alikuwa dalali wa viazi aliyekuja kumdhamini ndugu yake. Asubuhi sura yake ilikuwa ukurasa wa mbele, na chini yake jina la mshitakiwa.

Alikuja ofisini mwenyewe. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba. Hakupiga kelele. Aliliweka gazeti mezani, akalikunjua taratibu, akaniuliza: "Mwanangu, huyu ni nani?" Tulichapisha masahihisho. Mistari minne, ukurasa wa 6. Akarudi nayo. Akasema: "Uso wangu mliuweka mbele. Samahani yenu mmeiweka na matangazo ya vifo." Nikaenda kwa wakubwa kuomba iwekwe mbele na picha yake, jina lake na kazi yake. Nikaambiwa tumeshafuata utaratibu. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu. Huo ndio ukweli.

Baada ya kumsoma Motobu nilimfuata sokoni. Nilimkuta amekalia gunia, akanipisha nikae. Nikamwambia nataka kuandika habari yake sawasawa, na picha nzuri, jina sahihi. Nilifikiri nampelekea zawadi. Akanitazama muda mrefu, akasema kwamba kuna wateja wawili wa jumla aliowazoea kwa miaka ambao hawajarudi tangu siku ile. Wao gazeti waliliona. Masahihisho hawakuyaona. "Na hiyo ya kwako mpya," akaniuliza, "una uhakika wataiona?"

Sikuwa na jibu. Akasema basi, asiandikwe tena, asipigwe picha tena. Ndiyo maana hapa hamsomi jina lake wala la soko. Akanifungia viazi kilo mbili, akakataa hela.

Motobu angalau alikuwa na kitabu chake. Aliweza kusimama mbele ya kamera akasema sura yangu ni hii, na mkono wangu unakaa hivi. Dalali wa viazi hana kitabu. Mlango wake niliufungua mimi, akiwa amesimama koridoni hajui hata kama anapigwa.

Siku hizi kabla ya kutuma picha namfuata mtu namuuliza jina, hata kama nalijua. Wenzangu ofisini wananicheka. Jumanne narudi mazoezini, mbavu zikiruhusu. Yule dada ameniahidi kwamba safari hii ataanzia chini.

Alamsiki.