Tathmini ya umeme wa jengo

Tathmini ya umeme wa jengo ni upimaji unaotangulia ufungaji wa mitambo ya kuzalisha na kuhifadhi umeme katika nyumba, shule, zahanati au ofisi. Huanza na mahitaji ya jengo, kisha ndipo mitambo ichaguliwe.

Mahitaji. Matumizi hupimwa kwa kilowati-saa, maarufu kama uniti. Uniti zinazonunuliwa kwa mwezi huonyesha jumla tu, wala hazisemi zilitumika saa ngapi. Hivyo kila kifaa huorodheshwa pamoja na wati zake na saa zake za kazi. Vile visivyopaswa kuzimika hutengwa. Katika zahanati, jokofu la chanjo, linalotakiwa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, hutangulia kiyoyozi na pasi ya nguo.

Vyanzo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, paneli za sola za kilowati 1 huweza kutoa takriban uniti 4 kwa siku. Kivuli cha mti, vumbi na mawingu ya masika hupunguza kiasi hicho. Sola hufaa zaidi pale matumizi yanapokuwa ya mchana: Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Jenereta ya dizeli hufanya kazi saa yoyote, lakini lita moja hutoa uniti 3 hivi, na hupungua zaidi mzigo ukiwa mdogo. Upepo wa mijini huvunjwa na majengo, kwa hiyo pangaboi za upepo zilizo juu ya paa mara nyingi hutoa umeme kidogo.

Hifadhi. Betri za asidi na risasi huchakaa haraka zikitumiwa kupita nusu ya ujazo wake, na joto huzifupishia maisha. Za lithiamu zinaweza kutumika hadi asilimia 80 au zaidi, na kuchajiwa maelfu ya mara. Zahanati inayotumia uniti 20 kwa siku, 8 kati yake zikiwa za usiku, itahitaji paneli za kilowati 5, pamoja na betri za asidi za uniti 16 au za lithiamu za uniti 10, kabla ya kuongeza akiba ya siku za mawingu.

Inveta. Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika jengoni. Ile ya kawaida iliyounganishwa na gridi bila betri hujizima gridi inapokatika, ili kuwalinda mafundi walio kwenye nyaya. Jengo hubaki gizani hata jua likiwaka. Anayetaka kinga dhidi ya kukatika kwa umeme lazima achague inveta inayoweza kujitegemea, yenye betri.

Gharama. Bei ya dukani haitoshi kuamua. Ulinganisho wa haki hujumlisha ununuzi, mafuta, matengenezo na ubadilishaji wa betri kwa miaka yote ya matumizi, kisha hugawanya kwa uniti zitakazopatikana. Betri rahisi inayobadilishwa mara tatu inaweza kugharimu zaidi kuliko ile ghali inayodumu.